Mkono Usiosikia Basi

Jumatatu, 5 Mei

Umepata wapi uso wa kurudi hapa? Tangu mvua zianze hujagusa daftari hili. Panya wamekula pembe, mende wametaga kwenye kurasa za Krismasi. Tereza alikununulia kwa hela yake, ukamwahidi binti yako utaandika kila jioni. Mwongo mkubwa wewe. Hakuna msomaji mwingine humu ila wewe mwenyewe, na ndiye huyo aliyepotea. Haya, kaa. Usinipe sababu.

Nakata viazi vya michembe, vipande vya kuanika. Vingi mwaka huu. Uani kote kumeanikwa, kuku wanafukuzwa kwa maneno maana mikono haina nafasi.

Sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilizipata kanisani, nikifuata kitabu cha nyimbo kwa kidole mpaka kidole kikajua njia. Nikikosea hapa hakuna wa kunichapa.

Baba Tereza anapasua kuni tangu asubuhi. Kuni zilitosha kabla jua halijapanda. Akaendelea. Amepasua mwiko. Amepasua kigoda alichoniachia mama. Nilimwambia basi, inatosha. Akasema, "Ndiyo, mke wangu," na shoka likashuka tena.

Hilo ndilo linalonitisha. Si kusahau. Kusahau hasahau, anakumbuka mpaka rangi ya mbuzi aliowatoa mahari. Ni kuacha. Kuacha hajui tena. Jana kanisani alimwambia mchungaji, katikati ya mahubiri, kwamba mahubiri ni marefu na suruali ni fupi. Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Akarudia. Wakacheka kidogo. Akarudia. Hapo hakuna aliyecheka.

Na asali. Amerina maisha yake yote, na hakuwahi kulamba zaidi ya ncha ya kidole. Sasa anakunywa kwa kikombe.

Mwisho wa mwezi huu warina wanaingia porini. Mizinga yake iko juu ya miyombo mirefu. Mtu asiyejua kuacha, juu ya mti, kisu mkono mmoja na moto mkono mwingine. Nimeandika. Ndicho ninachokiogopa, sina kingine.

Baada ya ibada kulitangazwa kwamba kuna watafiti wako Chemchem, mjini. Wanapiga picha bongo za wazee. Wanataka kujua mtu anashikiliaje akili yake kwenye jambo moja, na anajizuiaje. Nimetuandikisha wote wawili. Kama ni mzima, nitafunga domo langu. Kama si mzima, hapandi.


Alhamisi, 8 Mei

Tumekwenda. Nimechoka, mgongo unauma.

Ni chumba cha bati juu ya lori kubwa, kimeegeshwa uwanjani. Ndani baridi kama ya alfajiri ya Juni. Kuna kitanda chembamba, na pete kubwa nyeupe ya sumaku, unaingizwa kichwa mpaka mabegani. Walinivua bangili, walinivua na pini ya kilemba. Daktari ni binti, anaitwa Neema, kutoka Dar es Salaam. Alipiga goti kuniamkia. Nikampenda papo hapo, nikamwambia amekonda, ale.

Mimi nimeingia kwanza. Wanasema mimi ni wa kulinganishia. Mbele ya macho kuna kioo. Likija duara la njano, bonyeza kitufe. Likija jekundu, acha. Basi. Nikadhani wananifanyia mchezo wa watoto. Kumbe! Njano, njano, njano, kidole kinanoga, ghafla jekundu. Kidole kinataka kwenda, unakivuta kama mbuzi aliyeona mahindi. Nilitoka jasho kwenye baridi ile. Kuacha ni kazi kuliko kufanya. Sikujua.

"Bibi, hiyo ndiyo tunayoitafuta," Neema akasema. "Breki."

"Kichwani mna breki?"

"Mna breki, bibi. Hapa mbele, nyuma ya paji la uso."

Akaingia Baba Tereza. Neema anaongea naye kwa kipaza sauti: "Mzee Maganga, anza." Kimya. "Mzee Maganga, unanisikia?" Kimya kama kaburi. Haonekani kulala, macho yako wazi. Hajibu, habonyezi. Akaitwa na kuitwa. Mwisho alianza mwenyewe, na alipoanza, alibonyeza kila kitu. Njano, nyekundu, hata kioo kilipokuwa cheusi. Chombo kimezimwa, kidole bado kinakwenda.

Neema alivuta karatasi. Aliandika tu. Sipendi watu wanaoandika bila kusema.

Njiani kurudi Kwihara Baba Tereza aliimba. Wimbo mmoja, ubeti mmoja, mpaka mlangoni.


Ijumaa, 9 Mei

Mungu ni mwema. Nimecheka leo.

Kulwa amekuja, mdogo wake Baba Tereza, ndiye anayeingia naye porini kila mwaka. Nikamsimulia ya Chemchem. Akajipiga paja.

"Shemeji! Mmemlaza juu, kimya, halafu mnamwita jina? Mlitaka aitike?"

Nikamwelewa, nikataka kujipiga kofi. Aliye juu ya mti haitwi jina. Wanajua warina wote. Ukimwita atageuka, akigeuka ataanguka. Ukiwa na neno, unagonga shina kwa mpini wa shoka, naye anatulia na kusikiliza. Baba Tereza alifundishwa hivyo na baba yake kwa fimbo. Bila shaka hakuitika. Ndivyo alivyolelewa. Na alipoona kelele zimezidi akavurugikiwa, akabonyeza ovyo.

"Ndugu yangu ni mzima," Kulwa akasema. "Wamepima adabu yake wakadhani ni ugonjwa."

Nikampikia ugali na mlenda, nikamwongezea mara mbili. Baba Tereza alikula, akanawa, akatabasamu. Kama zamani.

Nimempigia Neema simu nikamweleza. Hakucheka. Aliuliza, akauliza tena, kisha akaomba radhi kwamba hakujua. Anasema tumrudishe tarehe 27. Safari hii hawatamwita. Watagonga.


Jumatatu, 12 Mei

Amefagia uwanja. Akafagia njia. Akafagia mpaka barabara ya zamani ya misafara nyuma ya shamba, akawa anafagia vumbi la watu wengine. Nilimfuata. Jirani zangu wamesimama milangoni, mikono vifuani.

Nimesema ni usafi. Walinipa pole. Pole ya nini? Washenzi.


Jumamosi, 17 Mei

Kulwa anasema nyuki hawasubiri madaktari. Miyombo imeshapukutisha maua, asali iko tayari, wengine wameanza kurina. Wanaingia Jumatano.

Nikasema tusubiri tarehe 27. Kulwa akasema shemeji, mbona tulishaelewana? Ni adabu tu. Baba Tereza amekaa kati yetu anasuka kamba. Inasokoteka vizuri, imenyooka, mikono ile ile. Niliangalia mikono ile, sikuangalia kitu kingine.

Nimekubali. Nimeliandika hapa ili usije ukasema hukukubali. Lakini nakwenda nao. Wanawake hawaendi kambi ya asali. Kulwa alitoa macho. Nikamwambia nitapika, nisipopika nitakaa, nisipokaa nitasimama. 


Alhamisi, 22 Mei. Kambini

Naandikia mwanga wa moto. Nitaandika hivyo hivyo.

Leo alasiri Baba Tereza alipanda muyombo wa kwanza. Alipanda vizuri, kama kijana. Amejifunga kamba kiunoni na kwenye tawi. Kienge chake, ule mwenge wa magome unaotoa moshi, kinafuka pembeni. Akafungua mzinga. Ndoo ya kwanza ikashuka, masega meupe, mazito. Kulwa akanikonyeza: si unaona?

Ndoo ya pili.

Ndoo ya tatu ilikuwa majana. Watoto wa nyuki, weupe, wanajinyonganyonga. Mrina hachukui majana. Ukichukua majana umekula mbegu, mzinga umekufa. Huyu ndiye aliyemfundisha Kulwa hivyo.

Kulwa akagonga shina. Hakutulia. Akagonga kwa nguvu. Kisu kinaendelea. Akagonga mpaka gome likaruka. Ndoo ya nne, majana na nta nyeusi na vipande vya mzinga wenyewe. Nyuki wamemfunika uso, wanamuuma, hajipangusi. Makaa ya kienge yanadondoka kwenye nyasi kavu, mimi nayakanyaga kwa ndala zangu, moja imeyeyuka.

Kisha masega yakaisha. Kisu hakikuisha. Kikatafuta cha kukata. Kikapata kamba.

Kamba ya kiunoni mwake.

Kulwa amesimama na shoka lake, amekauka kama gogo. Midomo inacheza, sauti haitoki, kwa sababu haruhusiwi kuita. Basi niliita mimi. "Maganga!" Sijawahi kulitamka jina la mume wangu tangu ndoa. Nililitoa lote, kwa mapafu yote. "Maganga! Maganga, we!"

Hakugeuka.

Wazee walisema atageuka ataanguka. Nilitamani ageuke. Nilitamani hata hilo. Alikuwa anakata kamba kwa utulivu, kama mimi ninavyokata viazi.

Kulwa alipanda bila kamba, bila viatu. Alimshika kifundo cha mkono. Mkono ukasimama. Nyuzi zilizobaki kwenye kamba ile ungeweza kuzikata kwa meno.

Baba Tereza alipofika chini uso umevimba, jicho moja limefumba. Akatutazama.

"Mbona mnalia? Nani kafa?"


Ijumaa, 23 Mei

Tumerudi. Kulwa ametangulia mbele njia nzima. Mlangoni alisema, "Nisamehe, shemeji." Nikamwambia tulidanganyana wote, mimi na yeye, aende akalale.

Nimemtoa Baba Tereza miiba ya nyuki, mmoja mmoja. Alitulia, mpole kama mtoto. Nampenda. Nina hasira. Sijui hasira ya nani.


Jumanne, 27 Mei

Chemchem tena. Niliingia nikiwa najua, lakini moyo ni mpumbavu, bado nilisali.

Hakuna aliyemwita jina. Neema alimwekea kijana pembeni ya kitanda, anagonga ubao. Baba Tereza akaanza mara moja, bila shida. Njano, akabonyeza. Njano, akabonyeza. Nyekundu, akabonyeza. Wakagonga aache. Akabonyeza. Wakazima kioo. Akabonyeza.

Kwa hiyo haikuwa adabu.

Neema akaomba tuketi. Nikamwambia usinizungushe mwanangu, mimi nimechinja kuku wengi, najua kisu kinavyonyooshwa. Akaniwekea picha mbili. Moja yangu, moja yake. Yangu, mbele, nyuma ya paji la uso, panawaka kila ikija nyekundu. Yake, panapopaswa kuwaka, pako kama jiko la jana. Na penyewe pamesinyaa, kama karanga iliyokauka ndani ya ganda, ukitikisa inalia.

Anasema picha moja haitoshi kuhukumu. Anasema wao hawatibu, wanatafiti. Ila kwa aliyoyaona, na kwa niliyomsimulia ya mtini, tumwone daktari wa hospitali haraka, na asipande tena kitu chochote.

Nikamwambia, "Mnapiga picha nyumba inaungua, ndoo ya maji hamna."

Nilitaka ajibu kwa kiburi nimtukane vizuri. Hakujibu kwa kiburi.

"Ndoo bado inatafutwa, bibi. Ndiyo maana tunapiga picha."

Akafuta macho kwa mkono wa koti. Nikamkumbatia. Ana mifupa mitupu, binti huyu, nimemwachia mfuko wa michembe.


Alhamisi, 29 Mei

Hospitali. Daktari mtu mzima, mwenye subira. Amempima, amemwuliza mambo, amezitazama zile picha. Anasema ni ugonjwa wa ubongo, unaanzia mbele. Hauambukizi, si laana, wala hakurogwa. Nikamwambia hata mimi sikusema amerogwa. Akasema wengi husema.

Dawa ya kurudisha breki hakuna. Nimeuliza mara mbili, kwa maneno tofauti, labda angejisahau.

Moto, visu, barabara, kisima. Vyote nivitazame. "Na wewe, mama, upumzike," akasema. Nikacheka kwa sauti, wagonjwa wakageuka.


Jumapili, 1 Juni

Kulwa amekuja kuchukua vitu vya porini. Kamba, kisu, viatu vya kupandia, mfuko wa ngozi wa baba yao. Nilijiandaa kwa ugomvi. Tangu usiku nimepanga maneno. Nilijua Baba Tereza atasimama mlangoni, atanguruma, atasema hakuna mwanamke wa kumvua kazi yake.

Alimsaidia Kulwa kuvibeba.

Alivifunga mwenyewe, vizuri, akavipandisha kwenye baiskeli. Akampungia mkono. Kisha akaendelea kupunga, Kulwa amepotea, njia ni tupu, mkono unapunga. Niliingia ndani nikauma kanga. Kama angenitukana ningelala leo. Mume wangu niliyemjua angenitukana.


Jumatano, 4 Juni

Amechota maji mpaka uani pakawa tope. Michembe nusu imelowa.

Nimeficha shoka. Nimeficha panga. Kisu cha viazi natembea nacho kiunoni kama askari. Kiberiti nakilalia.


Ijumaa, 6 Juni

Tereza alipiga simu kutoka Mwanza. Anataka tuhamie kwake. Ghorofa ya tatu, mama, kuna umeme, kuna maji. Ghorofa ya tatu! Nikamwuliza wewe mtoto, umesikia nilichokwambia? Akasema amesikia. Halafu akalia. Nikambembeleza mimi, na salio likaisha.


Jumanne, 10 Juni

Leo imekuwa karibu.

Nilikwenda kuomba chumvi kwa jirani. Tumeongea kidogo, si sana, wallahi si sana. Narudi naona moshi. Anakoka moto wa takataka nyuma ya nyumba, kwa kaa la jikoni. Takataka zimekwisha. Ametia ufagio. Ametia kiti. Anatia nyasi za ukingo wa paa la jiko, anazivuta kwa mkono, shada kwa shada, moto unamfuata nyuma kama mbwa.

Nikapiga kelele. Basi! Acha! Baba Tereza! Jina lake pia nililiita, sasa nimeshazoea. Jirani naye anapiga kelele. Mkono unavuta nyasi.

Nikamkimbilia nikamshika kifundo cha mkono.

Ukasimama.

Sikukaza. Nilishika tu, kama unavyomshika mtu mnapovuka maji. Akanitazama, akatazama nyasi mkononi, akazidondosha. Akaniuliza kama tumeshakula.

Maneno hayamfiki. Shoka likigonga halimfiki. Jina lake halimfiki. Ngozi inamfika. Nimejaribu tena jioni, kwenye asali. Kikombe cha pili nikaweka mkono wangu juu ya wake. Akaacha. Nikajaribu kwenye wimbo. Akaacha.

Nimempigia Neema. Alifurahi, akaniuliza maswali mengi, akaniambia ataandika. Kisha akasema mwakani watakuja tena na lori, wampige picha nyingine, waone ugonjwa umefika wapi.

Umefika wapi. Kama ni mgeni yuko njiani, na tunajua nyumba anayoijia.

Nikamwambia njooni. Tutakuwepo.


Jumapili, 15 Juni

Kulwa ametoka porini. Amerina mizinga yote ya kaka yake, kaacha majana, na ametuletea fungu letu. Baba Tereza hakuuliza habari za mizinga. Alimkaribisha Kulwa kama mpita njia, kwa heshima zote, akamwamkia, "Mwangaluka," akampa kigoda. Kulwa akaitika. Akakaa kidogo. Akaondoka huku anatazama ardhi.

Sikwenda ibadani. Mchungaji alipitia hapa, amevaa ile suruali, akasali nasi, sala fupi. Nimeona alivyojitahidi.

Mchana mzima tumebangua karanga. Yeye anabangua, mimi napepeta. Za kula zimekwisha, akaingia kwenye za mbegu. Nilimwona. Nikaunyoosha mkono nimzuie, nikaurudisha. Mbegu nitaomba kwa watu. Alikuwa ametulia, jua la jioni liko magotini mwake, maganda yanapasuka taratibu, na kila karanga aliikagua kabla ya kuitupa kikapuni. Nikamwacha.

Sasa amelala. Mkono uliokuwa unabangua bado unacheza kidogo juu ya blanketi, kidole gumba na cha shahada. Nimeushika kwa mkono wa kushoto. Naandika kwa wa kulia. Umetulia.

Siku utakayorudi hapa, mama, usianze kufungua daftari. Kwanza mtafute alipo. Mlete, mkalishe upande wako wa kushoto, mshike. Ndipo uandike.